Hatuli makande peke yetu

Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro umeonesha kuwa wiki mbili za kubadili chakula zinatosha kuugeuza mwenendo wa kinga ya mwili. Kwa watu wa Same na milima ya Upare, habari hiyo inaanzia jikoni.

Ukitaka kumtania Mpare, anzia kwenye makande. Utani huo unajulikana nchi nzima: Mpare hupika sufuria moja ya mahindi na maharage, akala leo, akala kesho, na keshokutwa akapasha kiporo, eti kwa kubana kuni. Wapare nao hucheka, wakamgeukia Mchaga na mapenzi yake ya pesa, na mazungumzo yakaendelea.

Sasa maabara zimeingia katika utani huo, na zinaelekea kumtetea mwenye sufuria. Swali wanalouliza wanasayansi ni jepesi kulisema, gumu kulijibu: chakula kikishapita tumboni, nani mwingine anakila?

Sehemu kubwa ya wanga wa mahindi na protini ya maharage humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Lakini ganda la punje ya mahindi na nyuzinyuzi za maharage hatuna vimeng'enya vya kuzivunja. Zinapita salama hadi utumbo mpana, na huko zinawakuta walaji wa pili: bakteria, pamoja na fangasi na vijidudu vingine, ambao kwa ujumla wao wataalamu huwaita maikrobiomu. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israel na wenzao walikadiria kwamba mwili wa mwanamume wa kawaida una bakteria wapatao trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30. Uzito wao wote haufiki robo kilo, na karibu wote wanaishi katika utumbo mpana.

Anayeifahamu ndiva ataelewa upesi kazi yao. Wazee wa Upare walichimba mabwawa hayo milimani ili maji ya kijito yajikusanye usiku, kisha yafunguliwe mchana kwenda mashambani kwa zamu. Utumbo mpana nao hupokea kilichobaki cha mlo, hukituliza kwa saa nyingi, na vijidudu hukichachua kidogo kidogo na kuachia mazao yake mwilini. Miongoni mwa mazao hayo ni asidi fupi za mafuta, na iliyo mashuhuri zaidi huitwa butireti. Hiyo ndiyo nishati kuu ya seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo pia husaidia kutuliza chembe za kinga, ambazo nyingi zimejipanga kandokando ya utumbo.

Nyuzinyuzi zikikosekana, vijidudu havikai na njaa kimya. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016, bakteria walionyimwa nyuzinyuzi waligeukia ute unaofunika ukuta wa utumbo na kuula. Tabaka la ute likawa jembamba, na vimelea vya maradhi vikapata njia rahisi ya kuufikia ukuta wenyewe.

Ngazi kutoka kijijini hadi Ulaya

Kutoka Same hadi Moshi ni mwendo wa kilomita mia moja na ushee. Huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha KCMC wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachunguza watu 323 wenye afya njema, wengine wakaazi wa mjini, wengine wa vijijini. Walichukua damu, walichukua choo, na waliuliza kila mtu anakula nini. Matokeo yalitoka mwaka 2021 katika majarida mawili makubwa ya sayansi.

Jarida la kwanza lilieleza habari ya damu. Wakaazi wa mjini, japo hawakuwa wagonjwa, walikuwa na dalili nyingi zaidi za kile ambacho madaktari hukiita inflamesheni, yaani kinga kuchemka hata pasipo maambukizi ya kupigana nayo. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, huhusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na maradhi mengine ya muda mrefu. Damu ya watu wa vijijini ilikuwa na kemikali zaidi zitokanazo na mimea, mojawapo ikiitwa apijenini, ambayo hupooza mchemko huo.

Jarida la pili lilieleza habari ya choo. Watafiti walipozipanga jamii za vijidudu, zilijipanga zenyewe kama ngazi: watu wa vijijini upande mmoja, Wazungu upande mwingine, na watu wa Moshi mjini katikati, wakiwa njiani kuelekea Ulaya bila kupanda ndege. Vijijini ilitawala jamii ya bakteria inayoongozwa na Prevotella copri, anayependa vyakula vya mimea. Aina 34 za vijidudu zilionekana kwenda sambamba na jinsi chembe za kinga za mtu zilivyoitikia zilipochokozwa maabara. Kwa maneno mengine, aliyemo tumboni ana usemi katika namna mwili unavyopambana na vimelea.

Bado lilibaki swali la mwenye busara: je, kinacholeta tofauti ni chakula, au ni moshi wa magari, usingizi haba, kukaa kitako na mawazo ya kodi ya nyumba? Njia ya kujibu ni moja tu, kubadilishana sahani.

Wiki mbili za kubadilishana sahani

Jaribio hilo lilifanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine, Dk. Godfrey Temba akiwa mwandishi wake wa kwanza na Profesa Quirijn de Mast wa Radboud akiwa miongoni mwa viongozi wake. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha mboga, maharage, ndizi, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachuliwa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye kuku wa kukaanga, chipsi na vyakula vilivyosindikwa. Waliozoea ulaji wa mjini walirudishwa kwenye chakula cha asili kwa muda huohuo. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja. Wachache waliendelea na chakula chao cha kawaida ili wawe kipimo.

Wiki mbili zilitosha. Waliohamia vyakula vya kusindikwa walionesha ongezeko la protini za inflamesheni katika damu, na chembe zao za kinga zikawa zinajibu kwa unyonge zilipokutanishwa na vimelea. Waliorudi kwenye maharage na ndizi walipata kinyume chake: viashiria vya inflamesheni vilishuka. Kundi la mbege nalo lilielekea upande huohuo wa utulivu. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baada ya jaribio kumalizika.

Haya yasomwe kwa kipimo chake. Wanaume 77 ni wachache, wanawake hawakuwemo, na kilichopimwa ni damu, si nani atakayeugua baada ya miaka 20. Hata hivyo ni mara chache mkulima wa mkoa wa Kilimanjaro anakuwa ndiye kipimo ambacho dunia inajipimia, na mara chache zaidi matokeo yanarudi yakisema kwamba kilichokuwa sufuriani mwake kilikuwa sawa.

Watafiti wa mambo haya hupenda kurejea Tanzania. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, matunda, ubuyu, asali na nyama ya mawindo, wamechunguzwa tangu miaka ya 2010. Utafiti wa mwaka 2017 ulionesha kuwa vijidudu vyao hubadilika kwa majira: aina fulani hufifia wakati wa masika, zikarudi kiangazi. Mwaka 2023 ukatoka mwingine uliokuta wastani wa aina 730 za vijidudu katika utumbo wa Mhadzabe mtu mzima, ilhali kwa watu wa California zilikuwa 277.

Na kabla ya mashine za kusoma vinasaba kuwapo, alikuwapo daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt. Baada ya miaka mingi Uganda alijiuliza kwa nini maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake. Alipima hata uzito wa choo na muda ambao chakula huchukua kupita mwilini, akachapisha matokeo mwaka 1972 pamoja na wenzake. Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi. Wengi walimcheka. Alichokosa ni kujua nani anazila hizo nyuzinyuzi.

Kilichothibitika, na kinachodhaniwa

Siku hizi vijidudu vya tumboni vinahusishwa na karibu kila kitu: unene, pumu, sonona, hata uzee. Msomaji anayeuziwa vidonge vya "bakteria wazuri" mtandaoni ana haki ya kujua palipo na ushahidi.

Ushahidi ulio imara kuliko wote ni wa maambukizi ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye husababisha kuhara kukali hasa kwa watu waliomeza antibayotiki kwa muda. Uholanzi, mwaka 2013, wagonjwa 16 ambao ugonjwa huo ulikuwa ukiwarudia walitiwa tumboni vijidudu kutoka kwenye choo kilichosafishwa cha watu wazima wenye afya. Kumi na watatu walipona kwa dozi ya kwanza. Ni tiba isiyotajika mezani, lakini sasa ina vibali rasmi Marekani.

Ushahidi wa pili unamhusu mtoto mwenye utapiamlo, na huo unatugusa karibu. Katika utafiti wa Malawi uliotoka mwaka 2013, watafiti wa kundi la Jeffrey Gordon wa Marekani walifuatilia jozi 317 za mapacha. Kuna nyumba ambamo pacha mmoja alipata kwashakoo na mwenzake hakupata, ingawa walikula chungu kimoja. Vijidudu vya pacha mgonjwa vilipohamishiwa kwa panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya hao walikonda kuliko waliopewa vya pacha mzima. Kwa hiyo njaa peke yake haikueleza kila kitu.

Kundi hilohilo, pamoja na madaktari wa Bangladesh, lilitengeneza chakula cha kuvilisha vijidudu vya mtoto mwenye utapiamlo. Matokeo ya mwaka 2021 yalionesha watoto waliokila wakiongezeka uzito kwa kasi kuliko waliopewa chakula cha nyongeza cha kawaida. Viungo vyake vikuu? Unga wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Mama wa Mamba au Vudee, milimani Upare, hahitaji kutafsiriwa orodha hiyo.

Kwa mtoto mdogo zaidi, chakula hicho kinatoka kwa mama. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Kazi yake ni kuwalisha bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, ambao huweka asidi tumboni na kuwabana wabaya. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Kila kijiko cha maji au uji kinachoingizwa mapema kinaivuruga kazi hiyo, na mara nyingi kinakuja na vimelea vyake.

Kuhusu kisukari, unene na maradhi ya akili, uhusiano umeonekana, na panya wametoa majibu ya kusisimua, lakini kwa binadamu bado haijulikani vizuri kipi kinatangulia, ugonjwa au mabadiliko ya vijidudu. Anayekuuzia kidonge cha kuponya yote hayo anauza matumaini.

Dawa inayopiga wote

Wapo wanaoharibu jamii hii ya vijidudu kwa nia njema. Mtoto ameharisha, mzazi anakimbilia duka la dawa muhimu, anaomba vidonge vitatu vya metronidazo au kapsuli nne za amoksilini, na kesho mtoto akipata nafuu dawa inapewa sifa. Kuhara kwingi kwa watoto hutokana na virusi, ambavyo antibayotiki hazivigusi. Kinachohitajika ni maji ya chumvichumvi ya ORS, zinki na kuendelea kulisha. Ile dawa, wakati huohuo, imepita tumboni ikiwapiga wabaya na wema, na waliobaki ni wale waliojifunza kuistahimili.

Haydom, mkoani Manyara, jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu. Watoto 1,188 walifuatiliwa hadi miezi 18, baadhi wakipewa dawa za kuua vimelea kwa ratiba hata kama hawaumwi, kwa matumaini kwamba utumbo ukisafishwa wangerefuka zaidi. Matokeo ya mwaka 2021: dawa hizo hazikuwaongezea urefu. Na uchunguzi mwingine wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta bakteria sugu wameenea kwa watu, mifugo na mazingira, hata kwenye kaya zisizotumia dawa sana. Wanatembea kwa maji, kwa mikono na kwa maziwa mabichi. Anayemeza dawa kiholela Same mjini anawaachia urithi huo watu wa Ruvu na Hedaru.

Hapa ndipo sifa za maisha ya asili zinapohitaji breki. Milima haina kinga ya uchafu. Maziwa yasiyochemshwa huleta brusela. Kijito kinachopendeza macho hubeba kinyesi. Na mtoto anayemeza vimelea kila siku hupata utumbo uliochakaa, usiofyonza chakula hata kikiwapo. Utofauti wa vijidudu unaosifiwa na watafiti hautokani na kukosa choo. Unahusishwa zaidi na kula mimea ya aina nyingi.

Hata dona ina sharti lake. Mahindi yasiyokobolewa yana nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu lenye sumu, na sumu hiyo hukaa zaidi penye ganda na kiini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 kati ya 68 waliougua Dodoma na Manyara. Kukausha vizuri na kuchambua punje zilizooza ni sehemu ya mapishi.

Na mbege? Upareni wapo wengi wasioigusa. Wasabato waliingia Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na mafundisho yao ya kutokunywa pombe yamekaa. Waislamu ni wengi pia, hasa Usangi na Ugweno. Hawakosi kitu. Faida ya kuchachua haitegemei kilevi, na kilevi kina madhara yake. Mtindi unatosha, na togwa pia. Katika miaka ya 1990 Dk. Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walionesha, katika vijiji vya Tanzania, kwamba watoto waliolishwa uji uliochachuliwa walipata kuhara mara chache kuliko wasiolishwa. Asidi ya uchachu ilikuwa ikizuia vimelea kukua ndani ya kikombe, kabla hata ya kufika tumboni.

Nani analipia kuni?

Twende kwenye barabara kuu, pale basi la Arusha linaposimama Same. Kijana aliyeshuka kutoka Chome au Mbaga-Manka kutafuta maisha mjini anakutana na chipsi mayai, soda, maandazi na ugali wa sembe nyeupe. Ni rahisi kumlaumu kwa kusahau asili. Lakini piga hesabu. Makande yanataka saa nyingi jikoni, mkaa au kuni za kutosha, na mtu wa kuyaangalia. Chipsi zinaiva upesi, na moto ni wa muuzaji. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga, akitoka alfajiri na kurudi usiku, hachagui kati ya sahani mbili zilizo sawa.

Kwa hiyo ule utani ulikuwa na ukweli uliojificha: makande yalikuwa na bei tangu zamani, na bei hiyo iko kwenye kuni na muda. Kijijini ililipwa na mwanamke aliyebeba mzigo kichwani na kukaa jikoni. Mjini hakuna wa kuilipa, ndiyo maana sufuria inatoweka. Ushauri wa afya unaosema "rudini kwenye vyakula vya asili" bila kugusa bei hiyo unamrudishia mzigo mwanamke yuleyule.

Yapo ya kufanya nyumbani. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha kunapunguza muda wa kuchemka. Kupika chungu kikubwa na kula siku mbili si ubahili: wanga uliopoa hugeuka kiasi kuwa wanga sugu, usiomeng'enywa upesi, nao ni chakula kingine cha vijidudu, mradi kiporo kihifadhiwe vizuri na kipashwe moto hadi kichemke. Kunde, mchicha, mnavu, ndizi mbichi, viazi vikuu na karanga vipishane sahanini, kwa sababu kila aina ya mmea ina walaji wake. Antibayotiki zimezwe kwa cheti cha daktari, na maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa.

Makubwa zaidi hayamo mikononi mwa kaya. Shule ya msingi inayopika makande ya dona na maharage kwa jiko banifu inalisha mamia kwa moto mmoja. Hapo ndipo halmashauri na wazazi wanapoweza kuweka fedha na wakaona matokeo. Mama lishe wa stendi anayeuza makande ya moto asubuhi anahitaji mtaji mdogo na gesi nafuu ili ashindane na kikaango. Na zahanati inayoandika ORS badala ya kapsuli inalinda utumbo wa kijiji kizima.

Sayansi imefanya sehemu yake kwa kutuonesha kwamba wiki mbili zinatosha kuharibu, na wiki mbili zinatosha kuanza kutengeneza. Anayesubiri kidonge kutoka ng'ambo atasubiri sana. Wilaya kama Same, inayolima mahindi, maharage, ndizi na tangawizi, inahitaji kwanza kukubaliana nani atalipia kuni.